Mwenyekiti Tulimfukuza, Deni Likabaki

Hotuba iliyotolewa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa jamii, Kaloleni, Nairobi, mbele ya vijana wa mtaa na akina mama wa vyama. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa mahali pachache.

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nyinyi wa nyuma, viti viko hapa mbele, msijifanye mnaona haya. Na viti nitavizungumzia, kwa hiyo aliyekaa vizuri anisikilize vizuri.

Nimeambiwa niongee juu ya siasa za leo na mambo ya dunia. Mimi si profesa, wanangu. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye godauni moja Industrial Area, halafu miaka 22 nikawa mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Eastlands. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuuliza: hii imeandikwa na nani, na sahihi iko wapi? Sasa mkimwita mtu kama huyo aongee siasa, mjue mtaongelewa daftari.

Chama chetu kilikuwa na viti vya plastiki 200, rangi ya samawati. Chini ya kila kiti tulipiga herufi za chama kwa rangi nyeupe na brashi. Vile 60 vya kwanza nilipiga mimi mwenyewe, mgongo ukaniuma wiki nzima. Tulikuwa pia na mahema matatu. Harusi, matanga, harambee, sisi ndio tuliokodisha. Basi Jumanne moja saa tatu asubuhi zikaingia pikapu mbili, wakashuka vijana wanne na karatasi, wakaanza kupakia viti. Tukauliza, kulikoni? Wakatuonyesha. Chama kimekopa, na miezi mitano hakijalipa. Sahihi ya mwenyekiti. Muhuri wetu, ule ule wa mviringo niliokuwa nikiuweka kwenye kopo la Blue Band. Mimi mweka hazina sikuwa nimeiona hata senti moja ya mkopo huo.

Jioni ile ile tukaitana. Kelele, machozi, mama mmoja alivua kiatu. Kura zikapigwa, 17 kwa moja, na hiyo moja ilikuwa yake mwenyewe. Mwenyekiti akaondoka, na sisi tukarudi nyumbani tukiimba njiani. Kesho yake asubuhi nikampigia simu yule mkopeshaji. Nilikuwa na sauti ya mshindi. Nikamwambia, yule mama tumeshamtoa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, mtaanza kulipa lini?"

Tulilipa miezi 14.

(Kicheko ukumbini.)

Cheka tu. Mimi nilicheka baadaye sana. Lakini tangu siku hiyo siasa za nchi hii nazisikiliza kwa sikio lingine, na ndilo nataka niwaazime leo.

Turudi Juni 2024. Muswada wa Fedha ulitaka shilingi bilioni 346 kutoka mifukoni mwetu. VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Ada ya mazingira iliyogusa mpaka nepi za watoto na sodo. Mkaimba "Zakayo shuka", yule mtoza ushuru wa Biblia, mkimaanisha Rais Ruto. Nilikuwa dirishani, niliwasikia. Mkaahidiwa marekebisho, mkate ukaondolewa, bado mkakataa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la, na muda mfupi baadaye vijana walikuwa ndani ya Bunge na risasi zilikuwa nje. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliokufa katika maandamano ya msimu ule. Kuna mmoja wenu humu ambaye bado anachechemea. Sitamtaja. Anajijua, na sisi majirani tunamjua.

Siku ya pili Rais akakataa kuutia sahihi. Julai 11 akafuta karibu baraza zima la mawaziri. Oktoba naibu wake, Rigathi Gachagua, akaondolewa na Seneti, na Novemba mosi Profesa Kindiki akaapishwa mahali pake. Yaani kwa miezi mitano tuliona watu wakitolewa kama nguo chafu kwenye beseni. Tukarudi nyumbani tukiimba njiani.

Sasa nendeni kwenye daftari. Julai ile ile, muswada ukiwa bado unanuka kaburi, ada ya barabara kwenye kila lita ya petroli na dizeli ilitoka shilingi 18 ikaenda 25. Hakuna aliyepiga kura bungeni. Baadaye zile shilingi saba zilizoongezwa zikawekwa rehani: serikali ikachukua pesa leo, kama shilingi bilioni 175, kulipa makandarasi, na wewe utakuwa ukizilipa kila ukipanda matatu. Hata nauli yako ya kesho kutwa imeshaliwa. Desemba, sheria nyingine za kodi zikatiwa sahihi, na baadhi ya yale tuliyoyazika Juni yakainuka humo yakiwa yamevaa nguo nyingine.

Na Waziri wa Fedha aliyeletwa mwaka huo ni nani? John Mbadi. Aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama kilichokuwa cha upinzani. Mimi sina ubaya naye, ni mtu anayejua hesabu, na hilo kwangu si jambo dogo. Ila nawaomba mtazame: mpinzani kaingia ofisini, kafungua daftari, kakuta yaleyale. Yule mkopeshaji hakumuuliza yeye ni wa chama gani.

Kwa nini? Mwaka 2014 tulikwenda London na New York kukopa kwa mara ya kwanza kwa ile hati inayoitwa Eurobond. Tukaambiwa tumekuwa nchi kubwa. Sehemu ya miaka kumi ilikuwa dola bilioni 2, kwa riba ya asilimia 6.875, na ilitakiwa kulipwa yote kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Mmesikia mwezi huo? Juni 2024. Februari ya mwaka huo, tukitetemeka, tukakopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya asilimia 9.75 ili tulilipe lile la kwanza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tumekopa matanga tulipe harusi. Siku chache baada ya maandamano Rais alikaa na wanahabari akasema mwenyewe kwamba katika kila shilingi 100 ya kodi, 61 zinakwenda kwenye deni. Nilizima redio nikachukua kalamu. Zimebaki 39. Walimu, madaktari, polisi, barabara, shule, serikali yenyewe na magari yake, wote kwenye 39.

Kwa hiyo mlipokuwa mkipiga kelele kuhusu mkate, mlikuwa mkibishana na karatasi ya 2014. Wengi wenu mlikuwa darasa la tano.

Mambo ya dunia nayo. Nitawapa Haiti, kwa sababu Haiti inanikosesha usingizi.

Tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile, polisi wetu kama 400 walitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kwenda kupambana na magenge. Hapa risasi, kule wanashuka kwenye ndege na bendera yetu begani. Mahakama Kuu ilikuwa imesema Januari kwamba huwezi kuwapeleka bila makubaliano na nchi yenyewe. Basi tarehe mosi Machi waziri mkuu wao, Ariel Henry, akaja hapa Nairobi, makubaliano yakatiwa sahihi. Maskini akashindwa hata kurudi kwao, magenge yamefunga njia ya uwanja wa ndege, akaishia Puerto Rico, na kabla ya wiki mbili kwisha akatangaza kwamba atajiuzulu. Mtu akatoka, sahihi yake ikabaki, na polisi wakaenda kwa sahihi hiyo. Februari 2025 wa kwanza akauawa kule, tukampokea akiwa kwenye jeneza. Alikuwa mtoto wa mtu.

Lakini Haiti yenyewe imefikaje hapo? Sikilizeni hesabu hii, ni ya karani kabisa. Watumwa wa Haiti walipigana wakajikomboa, wakatangaza uhuru 1804. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa, Charles wa Kumi, akatuma manowari 14 na ankara: faranga milioni 150, fidia kwa waliokuwa na mashamba na watumwa. Yaani mtu aliyeibiwa anatakiwa kumlipa mwizi bei ya yeye mwenyewe aliyeibiwa. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifikiri mwandishi amekosea.

Hawakuwa na pesa. Kwa hiyo malipo ya kwanza, faranga milioni 30, wakayakopa kwenye mabenki ya Paris. Deni la kulipia deni, mnaona? Na riba juu. Ufaransa baadaye ikapunguza, lakini mikopo iliyozaliwa na ankara ile haikumalizika mpaka 1947. Ni miaka hiyo ya arobaini nyumba hizi za mawe za Kaloleni zilipojengwa. Babu zetu wanaingia humu na mabegi yao, Haiti ndiyo inamaliza kulipia uhuru wa 1804.

Na kwa muda wote huo Haiti haikuwa nchi ya watu waliolala. Walipindua marais, wakaua wengine, wakafukuza wengine kwa meli. Kila aliyeingia alikuta daftari mezani. Mwaka 2003 Rais Aristide akasimama akaidai Ufaransa irudishe, akataja zaidi ya dola bilioni 21, na Februari ya mwaka uliofuata hakuwa Rais tena. Aprili 2025 Macron akatangaza tume ya wanahistoria kuchunguza jambo hilo. Tume! Kumbe hata Paris wanaijua dawa yetu.

(Kicheko.)

Sasa nikisikia mtu anasema tumekwenda Haiti kwa sababu ya magenge, sikatai, magenge yapo na yanaua watu. Ila tumepeleka askari mahali ambapo daftari lilianza kuharibu nyumba miaka 200 iliyopita, na sisi wenyewe tumeacha daftari letu wazi mezani na upepo unavuma.

Ngoja ninywe maji.

Nitaongeza moja la hapa nyumbani, la uwanja wa ndege, kwa sababu nalo lina funzo lake la kukasirisha. Julai 2024 nyaraka zikavuja mtandaoni: kampuni ya Adani ya India ingepewa JKIA miaka 30, kwa mradi wa dola bilioni 1.85. Tungejua lini kama zisingevuja? Watu wakaenda mahakamani, mahakama ikasimamisha. Septemba 11 wafanyakazi wa uwanja wakagoma, abiria wakalala juu ya masanduku yao. Serikali ikasema mradi ni mzuri, tunapotoshwa. Novemba 20 waendesha mashtaka wa Marekani wakamshtaki Gautam Adani huko New York kwa mambo ya hongo, mambo ya India wala si ya hapa, na kampuni ikakana. Novemba 21 Rais wetu akasimama bungeni akafuta mpango huo. Wabunge wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Ni wabunge walewale.

Nilifurahi, sitadanganya. Kisha nikaona aibu. Miezi minne Wakenya wanasema hapana, na hapana yetu haikutosha. Ikaja karatasi moja ya mashtaka kutoka Brooklyn, New York, ikatosha kwa siku moja.

Na tulikuwa wapi sisi, miezi hiyo hiyo? Tulikuwa kwenye kesi ya Gachagua. Kila mtu sokoni aliweza kukutajia mashtaka 11. Mama anayeniuzia sukuma, hajui kiasi cha deni la nchi, lakini alijua mali ya marehemu kaka yake Gachagua ilivyogawanywa. Simlaumu. Redio ilimlisha hicho. Mtu ana sura, ana koti, ana mke, ana maneno ya kuchekesha. Mkataba una kurasa 200 za Kiingereza cha mawakili na hauna hata picha.

Sasa hivi ni hivyo hivyo. Baba, Raila Odinga, alituacha Oktoba 2025, Mungu amrehemu, na tangu tulipotoka matangani mazungumzo ni nani atavaa kofia yake. Huku wantam, Rais aende kwa muhula mmoja, huku tutam, apewe miwili. Ndugu zangu, mimi pia nina wantam yangu na nitaipeleka kwenye debe Agosti 2027 panapo majaliwa. Mtu akitumia vibaya muhuri wa chama, mtoe. Sijasema watu hawana maana, sahihi haijiandiki yenyewe. Ninachowauliza ni kimoja: wantam ya mkataba ni ipi? Mwenye sahihi ana miaka mitano, kumi akibahatika. Aliyoyatia sahihi yana miaka 15, 20, 30. Mnapigania mgeni wa siku mbili na kumwachia sebule yule aliyehamia na kitanda.

Kuna kijana alinitumia ujumbe juzi akaniuliza, sasa shosho, mtu wa Kaloleni atafanya nini na mkataba wa Beijing? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye Katiba yetu, ile iliyozinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010. Nilikuwepo, nilipoteza mwavuli. Wote mnaijua Ibara ya 37, ya kuandamana. Hiyo mmeilipia kwa damu. Nendeni sasa Ibara ya 211. Inasema hivi kwa maneno yangu: Bunge la Taifa au Seneti ikipitisha azimio kudai habari za mkopo fulani, Waziri wa Fedha ana siku saba za kuleta habari zote mbele ya kamati. Deni ni kiasi gani pamoja na riba. Pesa zilifanya nini. Zitalipwa kutoka wapi. Zimeshalipwa ngapi. Siku saba! Mimi chama changu cha akina mama 18 hakikuwa na sheria kali namna hiyo, na ndiyo maana pikapu zilikuja.

Kwa hiyo mbunge wenu akija hapa na fulana na shilingi mia mbili mbili, na atakuja, chukueni fulana, ni nzuri ya kulalia. Halafu mwulizeni: mheshimiwa, kwa miaka mitano umesimama mara ngapi kutaka azimio la Ibara ya 211? Mkopo gani? Ulijibiwa nini? Msimwulize anampenda nani au anamchukia nani, hilo atalijibu mpaka jua lizame. Oktoba 2025 mikopo ya Wachina ya reli ya SGR ilibadilishwa kutoka dola kwenda yuani, tukaambiwa tutaokoa pesa nyingi kila mwaka. Huenda ni kweli, hata mimi ningependa iwe kweli. Katika ukumbi huu, nani ameiona karatasi yake?

(Kimya.)

Haya. Nimeongea sana, maswali.

Kijana mmoja, mwenye kofia ya kijani: "Shosho, na wewe 2022 ulimpigia nani kura? Usituzungushe."

Sitawazungusha. Nilimpigia aliyesema atafungua mikataba ya reli ya SGR. Mnamjua. Na Novemba ile, Murkomen akiwa Waziri wa Uchukuzi, akatoa baadhi ya kurasa, tukasoma humo kwamba tukigombana na Wachina kesi itaamuliwa Beijing. Baadhi, nimesema. Nyingine bado nazisubiri, na kura yangu alishaichukua. Hivyo na mimi nimeshawahi kumpa mtu muhuri. Mwingine?

Msichana aliyekaa karibu na mlango: "Vile viti viliishia wapi?"

Vilipigwa mnada. Tulipomaliza kulipa tukazunguka kuvitafuta, tukavinunua tena kimoja kimoja, kwa watu wa kanisa, kwa mwenye hoteli, kwa bwana mmoja wa Makadara aliyekataa katakata kushuka bei. Tumepata 131. Hebu simama kidogo, mwanangu. Geuza hicho kiti ulichokalia uangalie chini.

(Anageuza. Wengine nao wanasimama na kugeuza vyao.)

Mmeona? Hiyo R iliyopinda ni mkono wangu. Tumewakodishia kwa shilingi kumi kila kimoja, na risiti ina sahihi mbili.